Uzi: Maneno ya mahkamani tunayoyasikia vibaya, na haki zinazotupotea kwa ajili yake

KaraniMstaafu ameandika:

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Nimekaa kwenye meza ya karani wa mahkama, Pemba, mpaka nywele zimenigeuka. Kazi yangu ilikuwa kupokea karatasi, kugonga muhuri, kuita majina na kuandika tarehe. Miaka yote hiyo nimeona watu wakishindwa kwa sheria, na hilo halina ajabu, wawili wakienda kwa hakimu lazima mmoja arudi na uso mzito. Wanaoniuma mpaka leo ni wale walioshindwa kwa neno. Walilisikia neno la mahkamani wakalipa maana ya barazani, wakarudi zao nyumbani wametulia, na haki ikawatoka wakiwa wamekaa.

Mmoja wao ni ami yangu. Sheha, kiongozi wa mtaa wetu, alimpelekea karatasi ya wito, ile tunayoiita samansi. Ami akaisoma mwenyewe, alikuwa msomaji mzuri. Imeandikwa kwamba yeye ni mdaiwa katika daawa fulani, yaani kesi ya madai isiyo ya jinai, na anatakiwa afike mahkamani tarehe fulani, saa tatu asubuhi. Akasema: "Mimi sikukopa kwa mtu, sidaiwi na mtu." Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya msahafu, pale anapoweka karatasi za heshima. Tarehe ikapita. Baada ya miezi akaja mtu na karatasi nyengine, kafuatana na askari, kuja kuhesabu mikarafuu. Mikarafuu kumi na tisa iliyopandwa na babu. Mimi nilikuwa kijana, sijaanza kazi, nimesimama pale uwani. Ami aliingia ndani, akatoka na msahafu, akauchomoa ule wito ungali umekunjwa mara nne, akamnyooshea yule mtu: "Karatasi yenu nimeitunza, hii hapa."

Mikarafuu ilikwenda.

Mtaani kwetu mdaiwa ni mtu mwenye deni. Mahkamani mdaiwa ni yeyote aliyefunguliwa madai, awe anadaiwa pesa, shamba, mpaka wa kiwanja au matunzo, na awe kweli anayo au hana. Aliyefungua ni mdai. Wote wawili kwa pamoja ni wadaawa. Ukiitwa mdaiwa hujahukumiwa kwamba una deni. Umeambiwa kuna mtu amesema kitu juu yako, njoo ujibu. Usipojibu, mahkama inaweza kumsikiliza mwenzako peke yake na kutoa hukumu ya upande mmoja. Hukumu hiyo ina nguvu kama hukumu nyengine yoyote mpaka itenguliwe.

Na wito una nyuma yake. Mnapopokea, mnasaini nakala moja, na nakala hiyo inarudi mahkamani pamoja na kiapo cha aliyeipeleka kwamba kakukabidhi mkononi. Basi hata ukiuchoma moto wako, ndani ya faili upo mwengine wenye sahihi yako na tarehe yake.

Nimeanzisha uzi huu tuyataje maneno haya moja moja, kwa Kiswahili chetu. Aliye na karatasi ndani ambayo haielewi, aiandike hapa bila kutaja majina ya watu wala namba ya kesi.

BintiWete ameandika:

Waalaykum salaam mzee wangu. Umeandika habari ya nyumbani kwetu. Mama yangu kaletewa karatasi wiki mbili zilizopita, juu imeandikwa "Tuzo". Mama akafurahi, akasema labda tumepewa kitu. Ndani imeandikwa "hukumu ya upande mmoja" na kwamba anatakiwa aondoke kwenye kipande cha shamba alichoachiwa na marehemu bibi. Wito hatukuuona kabisa. Mama haendi popote, yupo nyumbani siku zote. Tufanye nini?

KaraniMstaafu ameandika:

Mwanangu, pole, na mpe pole mama. Neno hilo limewapoteza wengi. Tuzo tunaijua ni zawadi, mtoto anapewa skuli akifaulu. Mahkamani hukumu na tuzo ni karatasi mbili zinazofuatana. Hukumu ni maelezo marefu: nani alisema nini, hakimu kaamini kipi na kwa nini. Tuzo ni ufupisho wa amri zenyewe, karatasi moja au mbili: fulani apewe shamba, fulani aondoke, fulani alipe gharama. Mwenye ushindi ndiye mshika tuzo. Akitaka itekelezwe anaomba kukaza hukumu, na hapo ndipo anapokuja yule mtu wa kuhesabu mikarafuu. Kama mama hajaletewa karatasi ya kukaza hukumu, bado mna nafasi, lakini muda unakwenda.

Jambo mnalolitaka lina jina lake, likariri: maombi ya kutengua hukumu ya upande mmoja. Yanapelekwa kwenye mahkama ile ile iliyotoa hukumu, hayapelekwi mahkama ya juu. Yanaambatana na hati ya kiapo ambayo mama ataeleza kwa nini hakufika. "Sikupelekewa wito" ni sababu yenye uzito mkubwa, lakini lazima muione kwanza ile nakala iliyorudi. Nendeni masjala ya mahkama, pale yanapotunzwa mafaili, ombeni kulikagua faili, mtazame: wito ulipelekwa kwa nani, umesainiwa na nani, tarehe gani, na aliyeupeleka kaapa nini. Mimi nimewahi kuona wito uliosainiwa na mtoto wa jirani.

Na muombe pia zuio la muda, yaani amri ya kumzuia mwenzenu asifanye kitu shambani mpaka maombi yenu yasikilizwe. Mkarafuu ukikatwa hauna rufaa.

Msichelewe. Maombi haya yana ukomo wa muda, na ukishapita itabidi muombe kwanza ruhusa ya kuongezewa muda, ambayo ni kazi nyengine. Kama hamna uwezo wa wakili, kuna Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kipo tangu 1992, na katika shehia nyingi wapo wasaidizi wa sheria. Muulizeni sheha wenu nani yupo karibu.

MtotoWaNgambo ameandika:

Mzee nina swali la jinai. Kaka yangu yuko rumande. Kila baada ya siku kumi na nne tunakwenda mahkamani, tunakaa toka asubuhi, jina lake linaitwa, dakika moja haifiki, wanasema kesi imetajwa, wanamrudisha. Bi mkubwa analia kila tukirudi, anasema kesi imesikilizwa mara tano na haijaisha. Tumechoka. Na kuhusu dhamana tumeambiwa tunahitaji watu wawili na shilingi milioni mbili. Hizo milioni mbili hatuna.

KaraniMstaafu ameandika:

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maneno mawili yamegongana.

Kutajwa na kusikilizwa ni vitu viwili. Siku ya kutajwa faili linaletwa mbele ya hakimu ili lisisahaulike na lipangiwe tarehe: upelelezi umekamilika au haujakamilika, mashahidi wapo au hawapo. Hakuna ushahidi unaotolewa siku hiyo. Siku ya kusikilizwa ndiyo mashahidi wanapanda kizimbani. Kwa hiyo mwambie bi mkubwa kwamba kesi ya mwanawe haijasikilizwa hata mara moja. Najua si habari ya kufurahisha, lakini afadhali aijue. Siku mkiambiwa "inakuja kwa kusikilizwa", hapo ndipo mashahidi wenu wawe tayari na wakili wenu, kama yupo, asikose.

Na hata siku ya kutajwa, aliye nje kwa dhamana lazima afike. Wapo waliosema "leo inatajwa tu, nitakwenda ile nyengine", ikatolewa hati ya kumkamata, na wadhamini wake wakaitwa wajieleze.

Sasa milioni mbili. Muulize karani kwa lugha hii: ni fedha taslimu au ni bondi ya maandishi? Mara nyingi sana ni bondi. Bondi ya milioni mbili maana yake mdhamini anasaini ahadi kwamba mshtakiwa asipofika, yeye atadaiwa kiasi hicho. Siku ya kusaini hatoi hata shilingi. Anachokuja nacho ni barua ya sheha wake na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na masharti mengine kama hakimu kayaweka. Ikiwa ni taslimu, inalipwa mahkamani kwa risiti, na kesi ikimalizika mshtakiwa akiwa anafika kila tarehe, inarudi. Ilindeni risiti hiyo kama hati ya nyumba. Pesa yoyote mnayoombwa kwenye ukumbi bila risiti haina jina katika sheria ya dhamana.

Nilimuona mama mmoja kauza ng'ombe wake wawili kwa ajili ya bondi. Alikuja na pesa kwenye kitambaa, kaifunga kwenye pindo la kanga, akaimwaga mezani kwangu. Hakuna aliyemwambia kwamba alitakiwa aje na ndugu wawili tu.

Kaangalieni pia kosa lenyewe. Yapo makosa ambayo sheria imeyafungia dhamana, kama mauaji na uhaini. Kama kosa la kaka yako lina dhamana na masharti ni mazito, mnaweza kumuomba hakimu ayapunguze, na akikataa mnaweza kuomba mahkama ya juu.

MtotoWaNgambo ameandika:

Allah akulipe mzee. Kesho asubuhi nakwenda kumuuliza karani neno kwa neno kama ulivyoandika.

MwalimuMkoani ameandika:

Naomba nichangie kama mwalimu wa Kiswahili. Vyombo vya habari vyetu vinachanganya mno. Mtuhumiwa ni anayeshukiwa, yupo mikononi mwa polisi au anatafutwa. Akishasomewa hati ya mashtaka mbele ya hakimu anakuwa mshtakiwa. Akitiwa hatiani ndipo anapokuwa mkosa, na akipewa kifungo, mfungwa. Aliye rumande ni mahabusu, neno la Kiarabu lenye maana ya aliyezuiliwa. Hajafungwa, kazuiliwa. Nimesoma habari ambayo mtu kaitwa mhalifu kwenye kichwa cha habari, na ndani ya habari hata kushtakiwa bado. Katiba yetu ya 1984 inasema mtu asitendewe kama mkosa mpaka ithibitike. Mtoto wa mtu huyo aliyeitwa mhalifu, anayesoma kwangu darasa la tano, anaitwa mtoto wa mhalifu na wenzake. Neno moja la mwandishi.

Na rufaa pia ni Kiarabu, kunyanyua. Unainyanyua kesi kutoka chini kwenda juu. Mahkama yenyewe ni mahali pa hukumu. Wenzetu wa Bara wanasema mahakama, sisi tunasema mahkama, nyumba ni moja.

KaraniMstaafu ameandika:

Ahsante maalim. Hilo la watoto skuli sikuwahi kulifikiria.

UmmuSalma ameandika:

Mzee, mimi nauliza kwa niaba ya jirani. Binti yake wa miaka kumi na mbili alifanyiwa udhalilishaji wa kijinsia na mtu wa karibu na familia. Kesi ipo mahkamani. Wazee wa pande zote mbili wamekaa, wamesameheana, wameandikiana. Baba wa mtoto kenda kuifuta kesi kaambiwa haiwezekani. Anauliza: mlalamikaji ni mimi, kwa nini siwezi kuifuta kesi yangu mwenyewe?

KaraniMstaafu ameandika:

Kwa sababu si kesi yake.

Katika daawa, mdai ndiye mwenye kesi, akitaka kuiondoa anaiondoa. Katika jinai, mwenye kesi ni Serikali kwa niaba ya watu wote, na kwetu Zanzibar inaendeshwa na Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Tazama juu ya karatasi: utaona Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya fulani. Jina la baba halipo pale. Mlalamikaji katika jinai ni mtu aliyepeleka taarifa, na mahkamani ni shahidi. Shahidi hana uwezo wa kufuta mashtaka. Mwenye uwezo wa kuyaondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka, na karatasi ya wazee waliyoandikiana barazani haimfungi.

Nitasema wazi, na anayekasirika akasirike. Sulhu ni jambo jema kwenye mpaka wa shamba, kwenye deni, kwenye ugomvi wa majirani. Kwa mtoto aliyedhalilishwa wazee hawana cha kusamehe, hawakuumizwa wao. Nimekaa na mafaili haya. Nimeyaona yakifa moja baada ya moja, na yalikufa kwa namna ile ile: shahidi haji. Tarehe ya kwanza mama anaumwa, ya pili wamesafiri Unguja, ya tatu mtoto kapelekwa kwa shangazi yake. Mwendesha mashtaka anasimama peke yake hana wa kumpandisha kizimbani, na hakimu hawezi kumtia mtu hatiani kwa karatasi tupu. Tangu 2021 Zanzibar ina mahkama maalumu za kesi za udhalilishaji ili zisikilizwe haraka, lakini mahkama ikiwa maalumu namna gani, bila shahidi haina la kufanya.

Mwambie huyo baba: shahidi aliyepelekewa wito akakaidi anaweza kukamatwa aletwe. Na mwambie kwamba yule mtoto atakua, na atauliza siku ile baba alikuwa wapi.

UmmuSalma ameandika:

Nimemsomea hadi mwisho. Amenyamaza. Mama wa mtoto ndiye aliyesema tarehe ijayo atakwenda yeye na binti yake.

WakiliKijana ameandika:

Mzee Karani, heshima yako. Mimi ni wakili, nafanya kazi Unguja, naomba niongeze mawili ambayo wateja wangu wanayakosea kila wiki.

La kwanza: kuachiwa na kuachiwa huru. Mtu akiachiwa huru maana yake kesi imekwisha kwa upande wake, hashtakiwi tena kwa kosa lile lile, ila upande wa mashtaka ukikata rufaa ukashinda. Akiachiwa kwa sababu mashtaka yameondolewa kabla ya kufika mwisho, anaweza kukamatwa na kushtakiwa upya. Nimeshuhudia mtu kafanyiwa karamu na jamaa zake siku aliyoachiwa, na kabla mwezi haujaisha yuko ndani tena. Familia ikasema ameonewa. Hakuonewa, hakuelezwa.

La pili: kesi kutupwa na kesi kuondolewa. Nyote mnasema "imefutwa", neno moja kwa mambo mawili. Ikiwa imeondolewa kwa kasoro ya karatasi, mfano imefunguliwa kwenye mahkama isiyo na mamlaka au kiapo hakijasainiwa ipasavyo, unarekebisha unafungua tena, kama muda wa ukomo haujapita. Ikiwa imetupwa baada ya kusikilizwa pande zote, mlango huo umefungwa, uliobaki ni rufaa. Na ikitupwa kwa sababu mdai hakufika, unaomba irejeshwe. Ukitoka chumba cha hakimu usiulize "imefutwa?", uliza "imetupwa au imeondolewa, na kwa sababu gani?"

KaraniMstaafu ameandika:

Ahsante sana wakili. Kwenye meza yangu nilikuwa nikiliona hili la pili sana kwenye mashamba. Mtu anakwenda mahkama ya kawaida na mgogoro wa ardhi, wakati Zanzibar tuna Mahkama ya Ardhi iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994. Pingamizi la awali linawekwa, yaani mwenzake anaipinga kesi kabla haijasikilizwa, kesi inaondolewa, mwenyewe anaona kashindwa, na mwenzake anarudi kijijini anasema kashinda. Hakuna aliyeshinda. Hakimu hajaligusa shamba, amesema tu kwamba mmegonga mlango usio wenu.

Na kuna hili la Pemba khasa: ardhi na miti. Kwetu mtu anaweza kuwa na mikarafuu juu ya ardhi isiyokuwa yake, tumeishi hivyo tangu wazee wetu. Halafu zikaja eka tatu, yale mashamba ya eka tatu tatu waliyogaiwa watu baada ya Mapinduzi ya 1964, na urithi juu yake, vizazi viwili vitatu. Basi unapoandika hati ya madai, useme unachokidai. Ukidai "shamba" na ulichokuwa nacho wewe ni mikarafuu minane, mwenzako ataleta ushahidi wa ardhi na utashindwa. Na mahkama haikupi usichokiomba.

KijanaMicheweni ameandika:

Swali la ushahidi. Babu yangu alikuwa na karatasi ya mauziano ya mwaka 1978, imesainiwa na mashahidi. Tuliiambatisha kwenye hati ya madai. Hukumu ikasema "mdai hakuthibitisha ununuzi". Karatasi ilikuwemo ndani ya faili! Hakimu hakuiona?

KaraniMstaafu ameandika:

Inawezekana sana aliiona. Lakini karatasi kuwemo kwenye faili na karatasi kuwa kielelezo ni mambo mawili, na hili naliandika polepole kwa sababu nimeona hati nzuri zikipotelea hapa.

Unapofungua kesi unaambatisha nakala ili mwenzako ajue utategemea nini. Hiyo bado ni kiambatisho. Siku ya kusikilizwa, shahidi anayeijua karatasi ile anasimama, ameshaapa, anaitaja, anaieleza ameipata wapi, anaomba ipokelewe na mahkama. Upande wa pili unaulizwa kama una pingamizi. Hakimu akiipokea, anaandika, anaipa namba: Kielelezo cha kwanza cha mdai, cha pili, na kuendelea. Mimi nilikuwa naigonga muhuri na kuandika namba kwa kalamu nyekundu kwenye pembe ya juu. Karatasi isiyo na namba ile, kwa hukumu ni kama haipo. Na wanataka ya asili. Nakala inahitaji maelezo ya asili iko wapi.

Katika mahkama zetu za chini wadaawa wengi wanajitetea wenyewe, wanasimama, wanasema "kama ilivyo kwenye faili mheshimiwa", wanakaa. Maneno hayo matano yamewagharimu.

Hapo hapo lijue jengine. "Niliambiwa na jirani kwamba babu alinunua" huo ni ushahidi wa kusikia, na kwa kawaida haupokelewi. Mlete jirani mwenyewe, au aliyekuwepo siku ya kusaini kama yu hai.

Na uthibitisho wenyewe una vipimo viwili. Katika jinai upande wa mashtaka lazima uthibitishe pasipo shaka ya msingi, na mshtakiwa hana mzigo wa kuonesha kwamba hana hatia. Ndiyo maana upande wa mashtaka ukimaliza mashahidi wake, hakimu anaamua kwanza kama kuna kesi ya kujibu. Kama hakuna, mshtakiwa anaachiwa huru bila kufungua mdomo. Katika daawa ni kama mizani ya muuza dagaa sokoni: upande uliozama hata kidogo ndio ulioshinda. Kwa hiyo mtu anaweza kuachiwa huru kwenye kesi ya wizi, halafu akashindwa kwenye daawa ya mali ile ile. Watu wanasema mahkama zimepingana. Hazikupingana, zimepima kwa vipimo tofauti.

Wewe na familia yako angalieni muda wa rufaa kama haujapita, na mtafute wakili aone kama upo uwezekano wa kuomba ushahidi wa ziada. Sikupi matumaini makubwa kwenye hilo.

BiMkubwaWaChake ameandika:

Na sisi wanawake wa kesi za Kadhi? Kuna faskhi, kuna khului, kuna talaka, tunachanganyikiwa. Dada yangu kaambiwa arudishe mahari na yeye ndiye aliyekuwa akipigwa.

KaraniMstaafu ameandika:

Mimi sikukaa kwenye meza ya Kadhi, lakini naeleza ninachokijua. Talaka inatoka kwa mume. Khului ni mke kujivua kwa kurudisha mahari au kitu watakachokubaliana. Faskhi ni Kadhi kuivunja ndoa kwa sababu iliyothibitishwa, kama madhara, kutohudumiwa, mume kupotea. Dada yako kama anadai alipigwa, hayo ni madai ya madhara na njia yake ni faskhi, akithibitisha. Kama kenda akasema tu "simtaki, nataka kuachwa", inawezekana ombi lake limechukuliwa kuwa khului. Arudi, aeleze, aende na mashahidi na karatasi ya hospitali.

Mahkama za Kadhi zinafanya kazi chini ya sheria ya 2017, na asiyeridhika na Kadhi wa Wilaya anakata rufaa. Ila kesi iliyoanzia kwa Kadhi haifiki Mahakama ya Rufani ya Tanzania, inaishia hapa hapa Zanzibar. Mirathi pia ina mlango mwengine, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, inayoshughulikia ugawaji. Mkianza kugombana nani mrithi na nani si mrithi, mnarudi mahkamani.

MtotoWaNgambo ameandika:

Mzee, narudi na habari. Ilikuwa bondi. Si taslimu. Miezi mitatu tulikuwa tunatafuta milioni mbili. Amedhaminiwa na ami na mjomba, jana jioni kala chakula nyumbani. Tarehe ya kutajwa tumeibandika mlangoni.

KaraniMstaafu ameandika:

Alhamdulillah. Afike kila tarehe, kijana wangu. Kila tarehe. Afike mapema, kabla majina hayajaanza kuitwa, na akae pahala anapomsikia karani.

BintiWete ameandika:

Mzee wangu, na mimi narudi. Tumelikagua faili. Wito umo, nyuma yake pana alama ya dole gumba na jina la mama. Mama anajua kusaini, anasaini tangu ujana wake, kwenye kitambulisho ipo sahihi yake. Msaidizi wa sheria wa shehia yetu kamuona wakili wa msaada, wameandika maombi ya kutengua pamoja na hati ya kiapo, na nakala ya kitambulisho wameiambatisha. Nimemuuliza wakili: hiki ni kiambatisho au kielelezo? Akanitazama, akaniuliza nimesoma wapi.

Zuio la muda limetolewa juzi. Maombi yanakuja kwa kusikilizwa, si kutajwa, wiki ya pili ya mwezi ujao. Mama atasimama mwenyewe kueleza.

KaraniMstaafu ameandika:

Mwambie aende na kitambulisho chenyewe, si nakala.